SIMU YA KIKUNDI IKIZIMA: TUPIME KABLA YA KULAUMIANA

Somo la kujadiliwa katika vikundi. Muda: kama saa mbili, pamoja na siku moja ya kupima.
Mnahitaji: simu yenye tatizo, chaja yake, daftari na kalamu.



Leo tunaanza na kisa kilichotokea katika kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea. Jina la kikundi tunaliacha, maana jambo lenyewe limeshasuluhishwa.

Mweka hazina wa kikundi hicho alikuwa anapokea michango yote kwa simu yake. Humo humo alihifadhi picha za kurasa za daftari la hesabu. Usiku mmoja simu ilimwuliza kama anakubali programu yake isasishwe. Akabonyeza kukubali, kama wengi wetu tunavyofanya bila kusoma. Kuanzia hapo, simu iliyokuwa ikikaa na chaji kutwa ikawa inakufa saa nane mchana. Mara nyingine ilizima ghafla huku ikionyesha asilimia 30.

Ikafika siku ya mzunguko. Mama aliyekuwa zamu alikuwa anangojea pesa hizo alipe karo. Mweka hazina akaanza kutuma, simu ikazima. Watu wakaanza kunong'ona: "Simu gani hii inayozima siku ya malipo tu?" Jioni pesa zilitumwa zote, haikupotea hata shilingi moja. Lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani, na mweka hazina akasema anaacha kazi.

Tulipoitwa, sisi wenyewe tulitoa ushauri mbaya. Tuliwaambia wachange wanunue simu mpya. Ni kijana mmoja fundi wa simu pale sokoni aliyetuuliza swali tulilopaswa kuuliza sisi: "Je, mmepima?" Hatukuwa tumepima. Somo hili limetokana na swali hilo.

1. TUELEWE: SASISHO LINAFANYA NINI?

Sasisho, au apdeti kama vijana wanavyosema, ni marekebisho ya programu inayoendesha simu. Huziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni huitumia. Kwa hiyo hatusemi mkatae masasisho. Lakini baada ya sasisho mambo matatu yanaweza kumaliza chaji.

La kwanza ni kazi ya ndani. Simu ni kama nyumba iliyopakwa rangi upya: lazima vyombo vyote virudishwe mahali pake. Simu hupanga upya programu, picha na mafaili, hata mkiona kioo kimezimika. Hupata joto na kula chaji. Kazi hii kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Basi msitoe hukumu siku ya kwanza.

La pili ni programu isiyoelewana na mpya. Programu ya zamani inaweza kukwama ikawa inafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Pia sasisho linaweza kuwasha kitu mlichokuwa mmekizima.

La tatu ni betri iliyochoka, na hapa ndipo wengi wanapotea. Betri za simu hizi ni za lithiamu. Kila mara zinapojazwa na kutumika, huchakaa kidogo. Mfikirie maksai mzee wa kulima. Kwenye tambarare anatembea vizuri, na mgeni atadhani ana nguvu. Mpandishe mlima na jembe nyuma yake, anasimama. Betri mzee nayo, simu ikiwa imetulia, inaonekana ina asilimia 30. Ukifungua kamera, au simu ikitafuta mtandao kwa nguvu, umeme wake unashuka ghafla na simu inajizima kujilinda. Ile asilimia kwenye kioo ni makadirio tu ya programu, na betri ikizeeka makadirio hayo hukosea.

Kwa hiyo mara nyingi sasisho halikuua betri. Liliongeza mzigo tu, na uchovu uliokuwepo ukaonekana.

Lakini tusiseme sasisho halina kosa kamwe. Mwaka 2016 watu wengi wenye simu za iPhone 6s walilalamika kwamba zinazima ghafla. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilitoa sasisho lililopunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka ili zisizime, lakini haikuwaeleza wenye simu waziwazi. Jambo hilo lilipojulikana, mwezi Desemba mwaka huo kampuni iliomba radhi, kisha ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018. Watu walikuwa wakidhani simu zao zimezeeka, kumbe nyingi zilihitaji betri tu. Na mwezi Januari 2025 Google ilitoa sasisho la simu za Pixel 4a ambalo kwa baadhi ya simu lilipunguza kiasi cha chaji ambacho betri inashika. Wenye simu hizo waliahidiwa msaada, pamoja na kubadilishiwa betri bure. Hivyo basi hatuwezi kukisia. Lazima tupime.

2. TUPIME: DAFTARI LA SIKU MOJA

Ngojeni siku mbili baada ya sasisho. Zimeni simu na kuiwasha tena. Kisha fanyeni hivi:

Ijazeni mpaka asilimia 100, mchomoe chaja. Kila saa andikeni asilimia iliyobaki na kazi simu iliyokuwa ikifanya: kupiga simu, WhatsApp, picha, au imelala tu. Msiichaji mpaka izime yenyewe. Ikizima, andikeni asilimia ya mwisho mliyoiona. Chomekeni chaja na mwandike asilimia inayoonekana mara ya kwanza.

Sasa someni daftari pamoja:

- Kama chaji inashuka upesi lakini kwa mpango, kwa mfano 90, 79, 68, 57, basi kuna kitu kinachoila. Tafuteni programu au mtandao. Nendeni sehemu ya 3.

- Kama inaruka, kwa mfano kutoka 42 hadi 15 kwa dakika chache, au imezima ikiwa 30 na mkichomeka chaja inaonyesha 28 papo hapo, betri imechoka. Hakuna mpangilio utakaoiponya.

- Kama inazima hata ikiwa imejaa, au inazima ikiwa kwenye chaja, au ilianguka au kunyeshewa, huenda ubovu uko ndani ya simu yenyewe, au kitufe cha kuwashia kimekwama. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kuna kipimo kingine cha usiku. Wekeni simu katika hali ya ndegeni mnapolala, na asubuhi mwone imeshuka kiasi gani. Ikiwa imeshuka kidogo sana, lakini usiku wa kawaida hushuka sana, mwizi wa chaji ni mtandao au programu zinazoutumia.

3. TUTENDE: HATUA KWA HATUA

Fanyeni hatua moja, kisha mpime tena siku inayofuata. Mkifanya zote kwa siku moja hamtajua ni ipi iliyosaidia.

a) Fungueni Mipangilio, halafu Betri, halafu matumizi ya betri. Mtaona orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imekula. Kama programu ambayo hamuitumii iko juu, ondoeni au izuieni isifanye kazi kichinichini.

b) Sasisheni pia programu zenyewe, siyo simu tu. Nyingi hurekebishwa muda mfupi baada ya simu kupata toleo jipya.

c) Angalieni mtandao. Mahali ambapo 4G inakuja na kupotea, simu hutumia nguvu nyingi kutafuta. Kama nyumbani hali ni hiyo, chagueni 3G au 2G kwa muda. Kwa kupiga simu na kutuma pesa inatosha.

d) Zimeni mahali, bluetooth na data wakati hamzihitaji. Punguzeni mwangaza wa kioo. Katika WhatsApp zuieni picha na video zisipakuliwe zenyewe. Kikundi cha watu 40 kinaweza kuleta video nyingi kabla ya chai ya saa nne.

e) Jaribuni chaja na waya mwingine. Waya uliovunjika ndani hufanya simu ionekane inachaji, kumbe haijai.

f) Kufuta simu yote irudi kama ilivyotoka dukani ni hatua ya mwisho kabisa. Kwanza hifadhini picha, namba na rekodi mahali pengine. Na kama simu ni ya kulipia kidogo kidogo, ulizeni kwanza aliyewauzia. Simu hizo pia zinaweza kufungwa malipo yakichelewa, na kufungwa si kuzima: simu iliyofungwa inawaka na kuonyesha ujumbe.

MKIENDA KWA FUNDI

Nendeni na daftari lenu. Toeni laini kabla ya kuacha simu, na msimpe mtu yeyote namba ya siri ya M-Pesa, hata akisema anaihitaji kujaribu simu. Ulizeni betri anayoweka ni ya aina ya simu yenu, na ana dhamana ya muda gani. Mwombe awarudishie ile ya zamani muione.

ONYO: Mkiona mgongo wa simu umevimba au kioo kinainuka, betri imevimba. Acheni kuichaji. Msiitoboe, msiibonyeze, msiitupe motoni wala chooni. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka. Ipelekeni kwa fundi.

Ili betri idumu, msiiache simu ikichaji juani au chini ya mto, kwa maana joto ndilo adui wake mkubwa. Si lazima ijae kila mara wala kuisha kabisa; kati ya asilimia 20 na 80 ni vizuri. Wenye sola wasiunganishe waya za paneli moja kwa moja na simu bila kidhibiti.

4. TULINDE KIKUNDI

Sasa turudi kwa jambo lililotuumiza. Pesa za M-Pesa haziko ndani ya simu wala ndani ya betri. Zinafuata laini. Simu ikizima wakati wa kutuma, mwenye laini aiweke katika simu nyingine, hata ile ndogo ya vitufe, apige *334#, aangalie salio na ujumbe kabla ya kutuma tena. Akituma upya bila kuangalia anaweza kulipa mara mbili.

Tunashauri vikundi vikubaliane hivi: simu ya akiba iwepo siku ya malipo, kila muamala uandikwe kwenye daftari la karatasi mbele ya watu siku hiyo hiyo, na sasisho lisifanywe katika wiki ya malipo.

Kikundi tulichoanza nacho kilipima. Katika daftari iliandikwa: "Saa sita, 38. Tulifungua kamera. 14. Imezima." Wote walijionea. Walibadilisha betri kwa pesa kidogo sana kuliko bei ya simu mpya. Mmoja wa wale walionong'ona alisimama mkutanoni akamwomba mweka hazina msamaha, naye akakubali kuendelea. Lakini alisema jambo ambalo hatujalisahau: "Simu mliipima siku moja. Mimi mmenijua miaka tisa."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni mambo gani yanayotegemea simu ya mtu mmoja? Simu hiyo ikizima leo, tutafanya nini?

2. Je, tumewahi kumshuku mtu kwa ajili ya ubovu wa chombo? Tulilimalizaje?

3. Nani ana simu inayozima? Nani atasaidia kuandika daftari lake wiki hii?

4. Simu ya mweka hazina inafanya kazi ya kikundi. Betri yake ikichoka, nani alipe?

Swali la 4 msiliruke. Ndilo lililochukua muda mrefu zaidi katika kikundi tulichotembelea, na mwishowe waliamua kulipa nusu kwa nusu. Ninyi mtaamua vipi? Tuandikieni, tupate kuwashirikisha wengine.