Kuunganisha Kipokezi cha GPS na Kivinjari

Watahiniwa wengi huandika kwamba kivinjari husoma setilaiti. Jibu hilo si sahihi. Kivinjari hupewa taarifa ya mahali na mfumo endeshi wa kompyuta au simu. Kariri mnyororo huu:

Setilaiti → kipokezi → mfumo endeshi → kivinjari → tovuti

1. Kipokezi hunasa mawimbi ya redio kutoka setilaiti zisizopungua 4, zilizo kama km 20,200 juu ya dunia. Muda wa safari ya mawimbi ukizidishwa kwa kasi ya mwanga, hupatikana umbali wa kila setilaiti.
2. Kipokezi hutuma matokeo kwenye kompyuta kwa waya wa USB au kwa Bluetooth, yakiwa mistari ya maandishi iitwayo NMEA.
3. Programu ya mfumo endeshi, mfano gpsd kwenye Linux, husoma mistari hiyo na kuzigawia programu nyingine.
4. Kivinjari hukuomba ruhusa, kisha huipa tovuti latitudo, longitudo na kadirio la kosa kwa mita. Anwani ya tovuti ianze na https.

Swali la mfano
Kipokezi kilichopo Dar es Salaam kimetuma 0648.00,S na 03917.00,E. Badili ziwe nyuzi za desimali.

Jibu
Tarakimu mbili zilizo kabla ya nukta, pamoja na zinazoifuata, ni dakika. Zilizobaki kushoto ni nyuzi.
Latitudo: 6 + (48 ÷ 60) = 6.8 kusini, yaani -6.8
Longitudo: 39 + (17 ÷ 60) = 39.283 mashariki

Angalizo
Ukiandika -6.48 umekosea nyuzi 0.32. Nyuzi 1 ya latitudo ni kama km 111, hivyo umepotoka km 35 hivi. Ukisahau alama ya kutoa kwenye 6.8, mahali hapo pataangukia Ethiopia!

Jipime
Asha amechomeka kipokezi na taa yake inawaka, lakini kivinjari kinaonyesha kadirio la kosa la mita 5,000. Ni kiungo kipi kimekatika? Toa sababu.

Dokezo: Kosa kubwa hivyo huashiria kwamba kivinjari kinakisia kwa anwani ya IP au mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu. Anza na hatua ya 3.