Programu ya mtihani wa uasistani: tuisome kwa sentensi moja ya Kindu

Wenzangu wa Lugha za Kiafrika, makala hii ni kwa ajili ya wale wanaofikiria kubaki katika elimu ya juu kama maasistani baada ya kuhitimu. Imetokana na kundi letu la masomo. Tulikuwa watu watano, tukikutana kila Jumamosi barazani kwa mmoja wetu, katika wilaya ya mji ya Kasuku. Mwenzetu mmoja alikuwa akivuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli.

Tulichokuwa nacho mkononi ni karatasi moja: programu ya mtihani wa kuajiri maasistani katika taasisi moja ya elimu ya juu. Iliandikwa kwa Kifaransa, na masomo yote yalibanwa humo: hesabu, biolojia, historia, sheria, uchumi, kila somo na mistari yake michache. Kwetu sisi ilisema: isimu jumla, fonetiki na fonolojia, mofolojia, sintaksia, isimu linganishi ya Kibantu, isimujamii, didaktiki ya lugha. Basi. Hakukuwa na jina la kitabu wala swali la mfano.

Tuligawana mada, kila mtu akakariri za kwake. Jumamosi ya nne tulifanya jaribio la mdomo. Mwenzetu aliyepewa kazi ya kuuliza aliniandikia daftarini sentensi hii:

Mama anauzishaka samaki ku soko.

“Kaka, chambua kitenzi,” akasema.

Nikamjibu kwamba hiyo si sahihi, na kwamba Kiswahili sahihi ni “Mama huuza samaki sokoni.”

“Sikuuliza kama ni sahihi. Nimekuomba uchambue.”

Sikuwa na jibu la pili. Nilijua kwamba kitabu cha Saussure cha isimu jumla kilitoka mwaka 1916, miaka mitatu baada ya yeye kufa. Lakini nilishindwa na neno ninalolisikia tangu utotoni. Mama yangu mwenyewe anauzishaka samaki, na ada yangu ya masomo imetoka katika samaki hao.

Tangu siku hiyo tulibadilisha namna ya kuisoma ile karatasi. Naieleza hapa kwa utaratibu, nikitumia sentensi ileile.

1. Programu haisemi kila inachokidai

Tuanze na mfano wa nchi nyingine, maana huko mambo yameandikwa wazi. India ina mtihani wa taifa uitwao NET, ulioanza mwaka 1989 chini ya tume ya vyuo vikuu ya nchi hiyo. Anayefaulu anapata sifa ya kuomba kazi ya mhadhiri. Mtihani una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya watahiniwa wote, awe wa historia au wa isimu: maswali 50, alama 100. Inapima ufundishaji, utafiti, ufahamu wa maandishi, mawasiliano, hesabu, mantiki, usomaji wa takwimu, teknolojia ya habari, maendeleo na mazingira, na mfumo wa elimu ya juu. Sehemu ya pili ni ya somo la mtahiniwa: maswali 100, alama 200.

Linganisha na karatasi yetu. Sisi tuliandikiwa sehemu ya pili tu. Hata hivyo, mtu akikaa mbele ya jopo, sehemu ya kwanza inamsubiri palepale. Ataulizwa jinsi atakavyoongoza kazi za mazoezi, jinsi anavyokusanya data, na jinsi atakavyomsaidia mwanafunzi aliyekwama. Mwenzangu aliponijibu “sikuuliza kama ni sahihi”, alikuwa akipima sehemu hiyo: je, huyu anajua tofauti ya kuchunguza lugha na kuisahihisha?

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuongeza kwa mkono wako mistari isiyoandikwa: ufundishaji, mbinu za utafiti, na elimu ya juu katika nchi yetu, yaani mfumo wa LMD na ngazi za kazi kutoka asistani hadi mkuu wa kazi na profesa.

2. Kila jina la mada liwe swali

“Mofolojia” ni jina, na jina halijibiwi. Swali linajibiwa. Tuliandika upya kila mstari kama swali linaloweza kuulizwa juu ya sentensi yetu.

Fonolojia: mkazo unaangukia wapi? Katika Kiswahili mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema a-na-u-za: mkazo uko kwenye “u”. Sema a-na-u-zi-sha: umehamia kwenye “zi”. Sema a-na-u-zi-sha-ka: sasa uko kwenye “sha”. Kila kiambishi kikiongezwa mwishoni, mkazo unasogea. Mtu akiuliza tofauti na lugha za jirani, jibu liko karibu: Kilega hutumia toni, Kiswahili hakitumii.

Mofolojia: vipande ni vingapi? Ni sita: a-na-uz-ish-ak-a. Kiambishi cha nafsi, cha wakati, mzizi, -ish- ya kusababisha, -ak-, na irabu ya mwisho. Shida yangu ilikuwa -ak-. Jioni ile nilimuuliza mama kwa nini anasema “anauzishaka” badala ya “anauzisha”. Alijibu bila kuacha kupara samaki: “Anauzisha, ni leo. Anauzishaka, njo kazi yake.” Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. “Njo vile tunasemaka,” akasema, na hapo akaitumia tena.

Hilo ni jibu kamili la mtihani. Kiambishi -ak- kinaonyesha tendo la mazoea. Kiswahili sanifu kinafanya kazi hiyo kwa hu- mwanzoni mwa kitenzi: huuza. Sisi tunaifanya mwishoni.

Sintaksia: “ku soko” au “sokoni”? Sanifu inaweka -ni baada ya nomino. Sisi tunaweka ku- mbele yake. Kiambishi ku- si kigeni kwa sanifu: kimo katika “huku” na “kule”. Kilichobadilika ni nafasi yake. Kinyarwanda nacho kinaweka ku mbele: ku isoko, yaani sokoni.

3. Mstari wa isimu linganishi

Hapa ndipo wengi wanaogopa, kwa sababu ya kodi za Guthrie na maumbo yenye nyota. Lakini Maniema ni mahali pazuri pa kujifunzia mambo haya. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kikusu ni C72, Kisongola D24, Kilega D25, Kizimba D26, Kibangubangu D27. Kiswahili ni G42. Yaani kanda tatu, C, D na G, zinakutana katika soko moja la Kindu. Kumbuka tu kwamba kodi hizo zinaonyesha mahali lugha ilipo na mfanano wa kundi. Usizichukue kama ushahidi wa ukoo.

Sasa rudi kwenye mzizi. Katika Kiswahili sanifu, kununua na kuuza ni vitenzi viwili tofauti. Kwetu mashariki ya Kongo wengi husema kuuza kwa maana ya kununua, na kuuzisha kwa maana ya kutoa kitu upate pesa. Mwalimu wa shule atasema tumegeuza maana. Tazama lakini majirani: kwa Kinyarwanda kugura ni kununua, kugurisha ni kuuza. Kwa Kiganda okugula ni kununua, okuguza ni kuuza. Mpangilio ni uleule: kununua ndio msingi, na kuuza ni “kusababisha mtu anunue”.

Na hata “uza” ya sanifu inabeba historia hiyo ndani yake. Mzizi wa zamani ulikuwa na maana ya kununua, ukaongezewa kiambishi cha kusababisha kilichokuwa na irabu i ya juu. Irabu hiyo iligeuza konsonanti iliyotangulia kuwa z. Mabadiliko ya aina hii bado yanaonekana katika maneno ya kila siku: penda na mpenzi, linda na mlinzi. Kwa hiyo “uza” ya sanifu ilikwisha kusababishwa zamani, lakini masikio ya leo hayaisikii tena ile -i-. Sisi tumeusababisha mzizi uleule mara ya pili, kwa -ish- ambayo kila mtu anaisikia.

Kiambishi -ak- nacho kina ndugu. A. E. Meeussen, katika ujenzi wake wa sarufi ya Kibantu cha kale uliotoka mwaka 1967, alikiweka kiambishi *-ag- karibu na mwisho wa kitenzi, kwa tendo linaloendelea au kurudiwa. Tanzania bara nako watu wengi husema “anaendaga” katika mazungumzo, ingawa vitabu vya shule havikikubali. Meeussen huyohuyo alichapisha sarufi ya Kilega mwaka 1971. Kwa mtahiniwa wa Maniema, hicho ni kitabu cha kutafutwa kwanza.

4. Mstari wa isimujamii na wa didaktiki

Swali hapa ni: nani anasema nini, wapi, na kwa thamani gani? Weka mambo matatu kichwani.

La kwanza ni sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Haisemi ni Kiswahili kipi.

La pili ni historia. Kiswahili kilifika hapa na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyokuwa na vituo Nyangwe na Kasongo. Ilikuwa pia biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na tusilifiche hilo. Jina Kingwana linatokana na waungwana, watu huru wa misafara hiyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huohuo, kwenye misheni ya Wayika, kando ya Lualaba huu huu wetu, wamisionari Whitehead walichapisha kitabu cha kufundisha Kingwana na kukiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lahaja, wala si makosa. Mtahiniwa anayekumbuka tarehe hizo mbili pamoja anaweza kujibu maswali mengi.

La tatu ni nadharia. Charles Ferguson aliandika mwaka 1959 juu ya diglosia, hali ya jamii kuwa na aina mbili za lugha moja, ya juu na ya chini. Jiulize kama Kindu inaingia humo. Sanifu tunaisikia kanisani na redioni, Kingwana sokoni na nyumbani. Lakini mtihani wenyewe uko kwa Kifaransa, ambacho si aina ya Kiswahili. Je, nadharia inatosha, au inahitaji kupanuliwa? Jopo likikuuliza, chagua upande na utoe sababu.

Didaktiki inatokana na hayo. Mwanafunzi akiandika “anauzishaka” katika insha, utafanyaje? Mimi ningemwonyesha hu- na -ak- bega kwa bega, aone kazi moja kwa zana mbili, kisha nimwambie ni zana ipi inayotakiwa katika insha. Atapoteza alama akikosea mahali pa kuitumia, lakini hataondoka akiamini kwamba mama yake hajui kusema.

5. Mazoezi

Fanyeni haya kabla ya kufungua kitabu chochote:

a) Chukua programu yoyote ya mtihani uliyo nayo. Andika upya kila mada kama swali moja juu ya sentensi uliyoisikia wiki hii.

b) Muulize msemaji wa Kilega, Kikusu, Kisongola au lugha ya nyumbani kwenu anasemaje “kununua” na “kuuza”. Je, ni mzizi mmoja au ni miwili?

c) Katika lugha hiyohiyo, tafuta kiambishi cha mazoea. Kiko mwanzoni mwa kitenzi au mwishoni?

d) Katika “anamlisha mtoto ugali”, anayekula ndiye anayefuata kitenzi. Katika “anauzisha samaki”, mnunuzi yuko wapi? Je, msemaji anaweza kumtaja bila kubadilisha kitenzi? Muulize, usimjibie.

e) Kwa kila mada, andika jina moja, mwaka mmoja na mfano mmoja. Mfano utoke kwenu.

Mtihani wenyewe bado sijaufanya. Nina mwaka mmoja mbele yangu. Daftari langu la sentensi liko wazi kwa yeyote anayelihitaji. Yule aliyeniuliza swali lile Jumamosi ya nne ameomba nami nimuulize. Nimekwisha kumchagulia sentensi, na imetoka kwa mama yake.