Vijidudu Visivyoogopa Dawa

Twapenda kueleza habari ya kifua kikuu. Mwaka 1943 dawa ya streptomisini iligunduliwa Marekani, nayo ilikuwa ya kwanza kuviua vijidudu vya ugonjwa huo. Lakini waganga wa Uingereza walipoijaribu mwaka 1947, wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha baada ya miezi michache dawa ikaacha kuwafaa.

Tumewasikia wengi wakisema kwamba mwili huizoea dawa. Sivyo, viliobadilika ni vijidudu. Katika mamilioni yaliyomo kifuani, vichache huzaliwa na tabia ya kutodhurika na dawa fulani. Vingine vikifa, hivyo husalia, huzaana, na shamba lote huwa lao.

Basi mwaka 1950 waganga wale walitoa habari ya kutumia dawa mbili pamoja, maana kijidudu kiponacho kwa hii hufa kwa ile. Ndiyo sababu kwa desturi mgonjwa hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, ijapokuwa kikohozi huisha mapema. Amezaye leo na kuacha kesho huviachia nafasi vile vigumu, na akikohoa, jirani yake huambukizwa ugonjwa usiosikia dawa zile tangu siku ya kwanza.