Mali bila daftari: Kumbukumbu ya msaidizi wa akili mnemba

Katika somo hili tunaangalia jambo linalowahusu vijana wanaotengeneza programu za kompyuta na simu, pamoja na vikundi vinavyozitumia. Siku hizi kijana anaweza kusaidiwa na akili mnemba: anaeleza anachotaka, nayo inamwandikia programu. Kazi ya wiki nzima inaweza kumalizika kwa siku moja. Lakini msaidizi huyu ana upungufu ambao ni lazima tuuelewe: hakumbuki.

Kwa nini hakumbuki?

Msaidizi wa akili mnemba alifundishwa kwa maandishi mengi kabla ya kutufikia. Tunapozungumza naye, mafunzo yale hayabadiliki. Anachojua kuhusu kazi yetu ni kile tu kilichowekwa mbele yake wakati huo. Tukifunga mazungumzo leo na kufungua mapya kesho, anaanza upya, kama mgeni aliyeshuka kwenye basi Mwanhuzi kwa mara ya kwanza. Hata ndani ya mazungumzo yaleyale kuna kikomo cha maandishi anayoweza kuyatazama kwa pamoja. Yakizidi, zana nyingi hufupisha ya mwanzo, na katika kufupisha, jambo dogo lenye uzito linaweza kuachwa.

Hasara yake ni nini?

Tuchukue mfano. Kijana wa Mwanhuzi anakitengenezea kikundi cha kuweka na kukopa programu ya simu. Jumatatu anamweleza msaidizi kwamba kikundi kina mifuko miwili. Mfuko wa hisa hukopeshwa, na mwisho wa mzunguko wanachama hugawana. Mfuko wa jamii ni wa misiba na magonjwa, wala hauingii kwenye mgao. Msaidizi anaandika vizuri.

Ijumaa, katika mazungumzo mapya, kijana anaomba sehemu ya kukokotoa mgao bila kutaja tena mfuko wa jamii. Msaidizi anajumlisha fedha zote na kuzigawa kwa idadi ya hisa. Programu haionyeshi kosa lolote, na hesabu zinalingana. Kosa litajulikana siku mwanachama atakapofiwa, na fedha za msiba zisionekane.

Dawa tunayo tayari

Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na kuenea katika nchi nyingi za Afrika, hautegemei kichwa cha katibu peke yake. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu tofauti. Kitabu cha mwanachama hugongwa muhuri kwa kila hisa aliyonunua. Kabla ya fedha mpya kupokelewa, salio la kikao kilichopita hutajwa mbele ya wote na fedha huhesabiwa. Kikao kipya huanza kwa kukumbushana cha zamani.

Katika wilaya yetu ya Meatu, wakulima wa mradi wa pamba hai wa bioRe, ulioanza mwaka 1994, wanalijua pia jambo hili. Mkaguzi wa kilimo hai hutaka kuona kumbukumbu za shamba zilizoandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari la msaidizi

Watengenezaji wa zana hizi wamefuata njia hiyohiyo. Faili la maandishi ya kawaida huwekwa pamoja na programu, na msaidizi hulisoma kila anapoanza kazi. Claude Code husoma faili liitwalo CLAUDE.md, zana nyingine, kama Codex, husoma AGENTS.md. Baadhi ya zana huweza pia kujiandikia mambo ya kukumbuka. Kwa sehemu kubwa, basi, kumbukumbu hii ni maandishi yanayosomwa upya. Yakiwa mazuri, kazi itakuwa nzuri.

Mambo matano ya kuzingatia

1. Andika kanuni pamoja na sababu yake. Kwa mfano: "Mfuko wa jamii usiingizwe kwenye mgao, kwa sababu ni wa misiba na magonjwa."

2. Daftari liwe fupi. Likijaa maneno mengi, agizo muhimu humezwa na yasiyo muhimu.

3. Lisahihishwe mapema. Kikundi kikibadili bei ya hisa, daftari libadilishwe siku hiyohiyo. Maelezo yaliyopitwa na wakati ni hatari, kwa kuwa msaidizi huyafuata bila wasiwasi. Programu ya Git husaidia kutunza historia ya nani alibadili nini na lini.

4. Siri zibaki nje. Majina ya wanachama, namba za simu, madeni na nywila visiandikwe humo. Maelezo tunayowapa wasaidizi wengi husafiri hadi kwenye kompyuta za makampuni, mara nyingi nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa za watu. Kwa majaribio, tumia majina ya kubuni.

5. Daftari ni agizo, si kufuli. Msaidizi anaweza kulisoma na bado akakosea. Andika jaribio: mfuko wa hisa una shilingi 200,000 na mfuko wa jamii una 50,000. Mgao ukizidi 200,000, programu ikatae. Na katibu aendelee na daftari la karatasi kwa mzunguko mzima, ili hesabu zilinganishwe.

Maswali ya kujadili

- Ni kanuni zipi za kikundi chetu ambazo wote tunazijua lakini hazijaandikwa popote?
- Aliyetutengenezea programu akihama, nani ataweza kusoma alichomwagiza msaidizi?
- Ni taarifa zipi za wanachama ambazo hatungependa zitoke nje ya sanduku letu?
- Nani atapewa jukumu la kusahihisha daftari baada ya kila mkutano mkuu?

Tunashauri kikundi kianze na swali la kwanza. Kijana wa kompyuta akae na wanachama, aandike wanayosema, kisha awasomee. Wakikubaliana kwamba ndivyo ilivyo, ukurasa huo ndio atakaompa msaidizi.