Viungo vya Ndani katika Waraka wa Usalama wa Kijiji

Katika Arua na Koboko, katibu wa LC 1 anayeandika waraka wa usalama kwa kompyuta hufanya jambo jema. Lakini waraka wa kurasa 30, kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, humchosha anayetafuta jambo moja tu. Mtoto akipotea karibu na mpaka wa Oraba au Vurra, nani ana wakati wa kufunua kurasa zote?

Dawa yake ni kiungo cha ndani, yaani maneno ambayo msomaji akiyabofya hupelekwa papo hapo kwenye sehemu inayohusika. Katika programu ya Microsoft Word, kwanza kipe kila kichwa cha sehemu mtindo wa Heading 1. Kukikoleza wino hakutoshi, kwa kuwa programu haitakitambua. Kisha, katika ukurasa wa kwanza, andika “Mtoto aliyepotea”, teua maneno hayo, bonyeza Ctrl pamoja na K, chagua Place in This Document, teua kichwa chake, halafu OK. Kukijaribu, shikilia Ctrl ukibofya.

Ukiuhifadhi waraka kama PDF, viungo hubaki. Karatasi iliyochapishwa haibofyeki, hivyo weka nambari za kurasa pia. Nambari za dharura za polisi, 999 na 112, zisifichwe nyuma ya kiungo chochote. Ziandikwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, katika lugha zote tatu.