Vijidudu vya Shambani, Mzio na Mwaka wa Kwanza wa Mtoto

Mtoto anayezaliwa Murongo, mkoani Kagera, kwenye migomba na mibuni iliyo jirani na Mto Kagera, hukutana na bakteria wengi kabla hajajua kutambaa. Anawapata akipita njia ya uzazi ya mama yake, anawapata kifuani akinyonya, kwa kaka na dada wanaombeba mgongoni, kwa mbuzi wa uani, na kwenye udongo anaoutia mdomoni mlezi akigeuka. Wengi wao hawamdhuru. Baadhi wanamsaidia kwa namna ambayo wazazi hatuelezwi vya kutosha kliniki: wanapunguza uwezekano wa mtoto huyo kupata mzio, au aleji kama wengi tunavyoiita.

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapopambana na kitu kisichotishia chochote, kama chavua, vumbi la godoro, yai au karanga. Mwili hutengeneza kingamwili ziitwazo IgE, nazo hujibandika kwenye chembe zilizojaa histamini. Kitu kile kikirudi, histamini humwagika: macho yanawasha, pua inachuruzika, ngozi inatoka ukurutu, kifua kinabana na kupiga mluzi. Katika miezi ya mwanzo ya uhai, bakteria wa tumboni huchochea chembe nyingine za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza. Mtoto akiwakosa wakati huo, utulivu huo haujengeki vizuri, na si rahisi kuurekebisha akishakua.

Mwaka 1989 daktari Mwingereza David Strachan alichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 17,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958. Aligundua kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na ndugu wengi waliomtangulia, ndivyo mafua ya chavua yalivyompata kwa nadra. Miaka iliyofuata, watafiti wa Ujerumani na nchi jirani waliona kuwa watoto wanaokulia kwenye mazizi ya ng'ombe huugua pumu na mzio kidogo kuliko wenzao wa kijiji kilekile wasio na mifugo. Mwaka 2016 yakalinganishwa makundi mawili ya wakulima wa Marekani wenye asili moja. Waamish hulima kwa farasi na watoto wao hucheza zizini. Wahutterite hutumia mitambo mikubwa, na zizi liko mbali na nyumba. Pumu ilikuwa kwa watoto takriban 5 katika kila 100 wa Waamish, na 21 katika kila 100 wa Wahutterite.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo tu ya daraja la Murongo, nchini Uganda. Wilayani Wakiso, kando ya Kampala, timu ya Dkt. Harriet Mpairwe ilichunguza wanafunzi wenye pumu na wasio nayo. Waliozaliwa mjini walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko waliozaliwa kijijini, ingawa wakati wa uchunguzi wote walisoma mjini. Tulizingatie hilo, kwa sababu vijana wa wilaya za Kyerwa na Karagwe wanahamia Mwanza na Dar es Salaam na kuzaa huko.

Entebbe nako, kwenye ziwa lilelile linalopokea maji ya Kagera, utafiti ulioanza mwaka 2003 uliwafuatilia akina mama wajawazito wapatao 2,500. Watoto ambao mama zao walipewa albendazole, dawa ya minyoo, walipata ukurutu zaidi utotoni. Hapa naomba nieleweke vizuri. Watoto hao walipofikisha miaka 9, madhara hayo hayakuonekana tena, na minyoo huleta upungufu wa damu unaoweza kumuua mama. Mjamzito akipewa dawa ya minyoo kliniki, ameze.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza kabisa, amnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Maziwa hayo yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zipo kwa ajili ya kulisha bakteria wema tumboni mwake. Mtoto awekwe kifuani mwa mama mara anapozaliwa, hata kama amezaliwa kwa upasuaji.

Jambo linalonihangaisha zaidi ni antibayotiki. Mtoto akipata mafua, mzazi anakimbilia duka la dawa kununua amoksilini ya maji. Mafua husababishwa na virusi, na dawa hiyo haiwagusi; inachofanya ni kuua bakteria wema wa tumboni. Tafiti nyingi zimeona pumu zaidi kwa watoto waliopewa dawa hizi mara kwa mara kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Antibayotiki itolewe pale mhudumu wa afya alipompima mtoto na kuona inahitajika, kwa mfano akiwa na nimonia, na hapo dozi imalizwe.

Akifikisha miezi 6, aanze vyakula vingine bila kumficha yai wala karanga. Mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha kuwa watoto wenye hatari kubwa waliolishwa karanga mapema walipungukiwa na mzio wa karanga kwa takriban asilimia 80. Karanga isagwe na kuchanganywa kwenye uji. Nzima inaweza kumpalia.

Mwache acheze uani, aguse mbuzi, akae na wenzake. Ila nisisikie mtu akisema sabuni haina kazi. Kinyesi cha binadamu na maji ya bondeni yasiyochemshwa huleta magonjwa. Mikono ioshwe baada ya choo na kabla ya kula. Mkoa wetu umepata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 Bukoba na mwaka 2025 Biharamulo, na sabuni ni sehemu ya ulinzi. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe hata kama ng'ombe ni wako, maana mabichi huambukiza brusela na kifua kikuu. Chanjo zote zikamilishwe. Moshi wa kuni haumkomazi mtoto, unamharibia mapafu, kwa hiyo asilazwe jikoni. Na mifugo isilale chumba kimoja naye: viroboto na funza hawana faida yoyote.

Mtoto anayekohoa kila usiku, au ambaye kifua kinapiga mluzi mara kwa mara, apelekwe kituo cha afya apimwe pumu. Akivimba midomo au ulimi, au akipumua kwa shida muda mfupi baada ya kula, kumeza dawa au kuumwa na nyuki, tafuta bodaboda wakati huohuo umkimbize kituo cha afya.