Homa ya Mafua, na Jinsi Mji Ujiwekavyo Tayari

Watu wa pwani husema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Maana yake ni kwamba mtu mwenye akili hangoji wembe ufike kichwani pake ndipo aanze kutafuta maji. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mtu akaaye katika mji mkubwa, kwa kuwa yako maradhi yaendayo upesi kuliko habari zake, na yule angojaye mpaka ayaone mlangoni pake amekwisha kuchelewa. Mojawapo ya maradhi hayo ni homa ya mafua.

1. Mambo ya mwaka wa 1918

Katika mwaka wa 1918, vita vikuu vya kwanza vya dunia vilipokuwa vikikaribia kwisha, ilitokea homa ya mafua iliyokuwa kali mno. Iliingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya bahari, pamoja na meli zilizotia nanga bandarini. Kisha ikaenda bara pamoja na askari, wapagazi na abiria wa gari la moshi. Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam mpaka Kigoma, ilikuwa imekwisha kujengwa tangu mwaka wa 1914. Basi safari ambayo zamani ilikuwa ya majuma mengi kwa miguu, sasa ilikuwa ya siku chache tu, na ugonjwa ulisafiri kwa mwendo uo huo.

Watu walikuwa wamedhoofika kwa vita na njaa. Maelfu ya wanaume walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Jina la Kariakoo, lililo maarufu sana katika Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Homa ilipowafikia watu waliolala wengi mahali pamoja, ilienea kama moto katika nyasi kavu. Tena haikuwaangusha wazee na watoto wachanga tu, kama ilivyo desturi ya mafua, bali iliwaua hasa vijana wenye nguvu, wale wanaolima, wanaochota maji na kuwatunza wengine. Katika Tanganyika walikufa makumi ya maelfu ya watu. Katika dunia nzima hukisiwa ya kuwa walikufa watu milioni 50, nao ni wengi kuliko askari wote waliouawa katika vita vile.

Waganga wa siku zile hawakumjua adui yao. Wengi walidhani ya kuwa ni bakteria. Ilipofika mwaka wa 1933 ndipo wataalamu wa London walipotambua kwamba homa hii huletwa na kirusi, kidudu kidogo sana kuliko bakteria, kisichoonekana kwa darubini ya kawaida.

2. Visiwa viwili

Mbali sana, katika bahari ya Pasifiki, viko visiwa vya Samoa. Mwaka ule wa 1918 visiwa hivyo vilikuwa chini ya serikali mbili: vile vya magharibi vilitawaliwa na New Zealand, na vile vya mashariki na Marekani. Watu wake ni wa kabila moja na lugha moja.

Tarehe 7 Novemba, meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, ilifika katika bandari ya Apia, upande wa magharibi. Ndani yake walikuwamo wagonjwa wa mafua. Wakuu wa bandari waliiruhusu, abiria wakashuka. Katika muda wa majuma machache, karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa visiwa vile alikufa.

Upande wa mashariki, gavana John Poyer alikuwa amesikia habari za ugonjwa huo. Akaweka karantini. Meli hazikuruhusiwa kuteremsha watu ovyo, na wenyeji nao wakalinda fukwe zao. Katika visiwa vile hakufa hata mtu mmoja kwa homa hiyo.

Bahari ilikuwa moja, na ugonjwa ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa hii: upande mmoja wakuu na raia walijiweka tayari kwa umoja, na upande wa pili hawakujiweka tayari.

3. Jinsi homa iendavyo

Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akisema, matone madogo hutoka kinywani na puani mwake, na ndani yake vimo virusi. Mtu aliye karibu huyavuta kwa pumzi. Mengine huanguka juu ya meza, kikombe au kitasa cha mlango. Mtu akivigusa kisha akajishika macho, pua au kinywa, hupata ugonjwa. Baada ya siku mbili hivi huanza homa, kuumwa na kichwa na viungo, kikohozi na uchovu mwingi. Jambo la hatari ni hili, kwamba mtu aweza kuwaambukiza wenzake tangu siku moja kabla hajajijua kuwa yu mgonjwa.

Nguvu ya kuenea yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Tuseme mgonjwa mmoja huwaambukiza watu wawili, na baada ya siku tatu kila mmoja wao huwaambukiza wawili wengine. Baada ya siku 30, watakaougua kwa mara hiyo moja ni 1,024, na jumla yao tangu mwanzo ni 2,047. Lakini ikiwa kila mgonjwa atazuiliwa asiambukize watu wawili, bali mmoja tu, baada ya siku zile zile 30 jumla itakuwa watu 11. Basi anayefunika kinywa akikohoa asidhani ya kuwa afanya jambo dogo.

Homa kuu ya namna hii ilirudi tena katika miaka ya 1957, 1968 na 2009. Sababu yake ni kwamba virusi vya mafua hubadilika daima. Tena virusi vya ndege na nguruwe huweza kugeuka na kuwaingia wanadamu, nayo miili ya watu haina kinga ya kupigana na mgeni huyo. Hata ugonjwa wa korona, ingawa si mafua, ulienea kwa njia kama hiyo. Mgonjwa wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku ya pili yake serikali ilitangaza kufunga shule.

4. Kinondoni na Temeke

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika mwaka wa 2022. Wengi wao hawakai katikati ya mji, bali pembeni, katika wilaya kama Kinondoni na Temeke. Katika mitaa ya Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, nyumba nyingi zina vyumba sita vyenye ukumbi katikati, na kila chumba kina jamaa yake. Ua ni mmoja, choo ni kimoja, na maji mara nyingi hununuliwa kwa ndoo. Asubuhi watu hujaa katika daladala kwenda kazini na sokoni, na jioni hurudi vivyo hivyo.

Kwa ajili hiyo shauri lililo jema kwa mtu mwenye nyumba kubwa haliwezi kufuatwa na kila mtu. Mama mwenye watoto wanne katika chumba kimoja akiambiwa, "Mweke mgonjwa katika chumba chake peke yake," atauliza, "Chumba kipi?" Na mchuuzi wa samaki akiambiwa, "Kaa nyumbani majuma mawili," atauliza, "Watoto watakula nini?" Maswali haya si ya ukaidi, bali ni ya kweli, na wakuu wa mtaa yawapasa wawe na majibu yake kabla ugonjwa haujafika.

5. Kazi ya wakuu

Mwenyekiti wa mtaa, afisa mtendaji wa kata na afisa afya yafaa wakutane wakati wa salama. Kwanza waandike majina ya wazee wanaokaa peke yao, wanawake wenye mimba, na watu wenye maradhi ya kifua, ili wajulikane wa kusaidiwa mbele. Pili, wachague watu watakaowapelekea wagonjwa chakula na maji, maana mtu hawezi kukaa ndani iwapo njaa yamtoa nje. Tatu, kila mwenye kazi awe na naibu wake, kwa kuwa hata mkuu aweza kuugua. Nne, wapatane na viongozi wa misikiti na makanisa, wenye masoko na wenye daladala, jinsi ya kupunguza msongamano, na jinsi ya kuzika kwa heshima pasipo kukusanya umati.

Tano, neno la wakuu liwe moja, tena liwe la kweli. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini ikilia kila siku kwa uvumi, siku ya jambo lenyewe hapana atakayeisikiliza.

Dalili za kwanza nazo zapaswa kuangaliwa. Tangu mwaka wa 2008 hospitali chache zilichaguliwa nchini, ya Mwananyamala ikiwa mojawapo, kuwapima wagonjwa ili kujua ni mafua ya namna gani yanayoenea. Hata shule yaweza kuwa mlinzi. Mwalimu mkuu akiona watoto wengi wa darasa moja hawakuja, wote kwa homa na kikohozi, na ampashe habari afisa afya siku hiyo hiyo.

6. Kazi ya kila nyumba

Palipo na chumba kimoja tu, mgonjwa alazwe karibu na dirisha, na dirisha lifunguliwe. Wengine walale mbali naye kadiri iwezekanavyo, vichwa vyao vikielekea upande mwingine. Mtu mmoja tu amhudumie, naye afunike pua na kinywa kwa barakoa. Mgonjwa awe na kikombe na sahani yake. Wote wanawe mikono kwa sabuni mara kwa mara. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lenye tundu, lililotundikwa uani, hunawisha watu wengi kwa maji machache.

Mgonjwa apewe maji na uji kila mara, apumzike. Dawa za kuua bakteria haziui virusi vya mafua, kwa hiyo haifai kuzinunua dukani bila neno la mganga. Lakini akipumua kwa shida, midomo ikigeuka rangi, akichanganyikiwa, au mtoto akishindwa kunywa, hapana kungoja. Apelekwe zahanati au hospitali mara moja. Na chanjo ikiletwa, wale walio katika hatari zaidi watangulizwe.

Hapana ajuaye ni mwaka gani homa kuu itarudi. Lakini kila mtaa waweza kujua leo ni nani atakayempelekea maji bibi kizee akaaye peke yake katika chumba cha mwisho. Mtaa unaojua jambo hilo umekwisha kutia maji.

MASWALI

1. Kwa nini homa ya 1918 ilifika bara upesi?
2. Eleza tofauti ya mambo yaliyotendeka katika pande mbili za Samoa.
3. Kama kila mgonjwa huwaambukiza watu watatu, wataougua wangapi katika hatua ya nne baada ya mgonjwa wa kwanza?
4. Kwa nini si vyema kumwambia kila mtu "Kaa nyumbani" pasipo kumsaidia?
5. Andika majina ya vitu vitatu ambavyo nyumba yenu yaweza kuviweka tayari leo.